Kiti cha Mbele

Jamani, kama kuna mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumiliki boti, basi ni Mzee Sponji. Kuogelea hajui. Mvua ikinyesha rasharasha tu, yeye na mwavuli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, na jina lenyewe alilipatia huko, kwa vile vipande vya sponji vilivyomganda nywele na nguo kila alikokwenda, hata msibani. Lakini boti aliichukua, tena mbovu, na akili zake alikuwa nazo timamu.

Ilikuwa hivi. Alipeleka seti ya makochi kwenye nyumba moja kando ya ziwa. Mwenye nyumba, mstaafu mwenye maneno mengi, alimzungusha mpaka uani, na huko nyuma palikuwa na boti ya faiba juu ya tela bovu. Majani yameota ndani, kuku anaatamia mayai chini ya usukani. Yule mstaafu akasema kwa utani, "Ungekuwa unapenda maji, fundi, tungebadilishana. Makochi yako kwa boti yangu." Mzee Sponji akaiangalia ile boti kwa muda. Akasema, "Sawa." Mstaafu alishtuka, lakini hakusubiri kuambiwa mara mbili. Kuku akahamishwa na mayai yake, boti ikafungwa nyuma ya gari, na geti likafungwa upesi upesi asije mwenzake akabadili mawazo.

Sasa sikilizeni kwa nini alisema sawa.

Mke wake aliondoka kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Walikubaliana wiki sita. Hakukuwa na ugomvi, wala hakuna aliyemnunia mwenzake. Mzee Sponji mwenyewe ndiye aliyembebea begi mpaka kwenye basi. Wiki sita zikaisha, mtoto akaanza kuota meno. Meno yakaota, mtoto akaanza kutembea, na huwezi kumwachia msichana wa kazi mtoto anayeshika kila kitu. Huyo alipotulia, binti akapata mimba ya pili. Hapo ndipo Mzee Sponji alipoelewa kwamba watoto hawaishi kukua.

Ugomvi una dawa yake. Mnaita wazee, mnakaa, mnasemana, yanakwisha. Lakini yeye angewaita wazee awaambie nini? Kwamba mke wangu anawapenda wajukuu zake? Si wangemcheka! Kwa hiyo akajikaza kisabuni, akanyamaza.

Kitanda kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, akakihama. Akawa analala karakanani, kwenye makochi ya wateja yaliyokwisha kushonwa yakingoja wenyewe. Likichukuliwa hili, anahamia lile. Kuna watu mjini mle walikuwa wakijidai wana makochi mapya, kumbe fundi ameshayakoromea juma zima. Chakula alikipika cha watu wawili kwa mazoea, nusu anakula, nusu anaiweka ya kesho. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli. Alifikia hatua ya kufurahi mtu akikosea namba na kumpigia yeye.

Jioni ile ya boti alimpigia mkewe.

"Mama watoto, nimepata boti."

"Umepata nini?"

"Boti. Ya injini."

Mkewe akaangua kicheko, kile kicheko chake cha kushika mbavu. "Wewe! Wewe unayeogopa maji ya kwenye beseni!"

"Naitengeneza mwenyewe. Ikiwa tayari, uje uipande."

"Haki ya Mungu nakuja! Hilo lazima nilione kwa macho yangu." Mtoto akalia nyuma yake, simu ikakatika.

Mzee Sponji alibaki ameshika simu. Kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu siku ile aliyombebea begi mpaka kwenye basi. Akashikilia jambo moja tu kuanzia saa ile: boti ikielea, mke wangu atarudi nyumbani. Usimwulize alilitoa wapi. Mtu akishakaa peke yake muda mrefu, hujipangia mambo na kujikubalia mwenyewe.

Haya, kazi ikaanza. Mtu mwingine angeanza na injini. Mwingine angekagua nyufa. Yeye alianza na viti! Boti haijulikani kama itaelea au itazama, yeye yuko na mkasi anakata sponji. Kiti cha mbele ndicho alichokihangaikia zaidi. Chini sponji ngumu, juu laini, na kwenye mgongo, upande wa kushoto, akaongeza pande dogo, maana mkewe kiuno humuuma upande huo. Ngozi bandia akachagua ya kijani, kwa kuwa rangi ya kahawia mkewe haipendi hata kidogo. Alikifunga chini kwa skrubu ndefu, kama anavyofunga miguu ya kochi, akakipigapiga kofi, akaridhika.

Injini alimwitia fundi wa kule gatini, bwana mmoja mrefu aliyekuwa akizungumza huku mikono yake yote miwili ikizunguka hewani kama feni, ndiyo maana wakamwita Pangaboi. Pangaboi akaifungua, akatikisa kichwa. "Mzee, hii imekufa kikondoo." Hata hivyo akaifufua. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na pampu ya maji, akaondoka kwenda kununua kamba. Aliporudi akaikuta injini inanguruma uani, Mzee Sponji amesimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi.

"Zima! Zima, utaiua!" Pangaboi alikuja mbio, mikono juu. "Hii si jenereta! Hii inakunywa maji ya ziwa ndiyo ipoe. Hapa itakunywa nini, vumbi?"

Ikazimwa. Bahati yake ilikuwa haijaungua.

Siku ya majaribio Mzee Sponji alivaa boya, akashika usukani kule nyuma alivyofundishwa, na Pangaboi akajinyoosha kwenye kiti cha mbele. Boti ikaondoka gatini vizuri, imenyooka. Mzee Sponji moyo ulikuwa unampiga, lakini alipoona maji yanapita pembeni na yeye hajafa, akaanza hata kupiga mluzi. Pangaboi akainua mguu wake mmoja, akautazama. Akainua wa pili.

"Mzee. Viatu vyangu vimelowa vipi?"

Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini ya kile kiti kizuri cha kijani. Wakageuza, mmoja anaendesha, mwingine anachota kwa kopo na kutukana kistaarabu. Walipoipandisha nchi kavu na kuchungulia chini, ncha za skrubu zilikuwa zimetokeza kwenye faiba, zimejipanga vizuri kabisa, kazi safi ya fundi makochi.

"Umelipigilia kochi kwenye ziwa!" Pangaboi alicheka mpaka akakaa chini. Habari ikaenea gati zima, na kwa siku kadhaa kila mtu akawa anamwuliza Mzee Sponji kama anashona na maji. Yeye hakukasirika. Alizing'oa zile skrubu, akaziba matundu kwa faiba na gundi yake, akapiga msasa, akapaka rangi, na kiti akakiwekea fremu ya mbao yenye skrubu fupi. Safari iliyofuata, viatu vya Pangaboi vilirudi vikavu.

Basi akampigia mkewe. "Inaelea."

"Kweli?" akauliza mkewe. "Basi nakuja Ijumaa."

Ijumaa hiyo Mzee Sponji alifagia nyumba, akatandika kile kitanda kikubwa, akaenda kituo cha basi mapema mno. Mkewe akashuka. Alikuwa amenenepa, amependeza, na alikuwa na begi kubwa. Mzee Sponji akalichukua, na mkono ukapanda juu wenyewe. Begi lilikuwa jepesi, halina kitu.

"Jepesi," akasema.

"Ndiyo," akasema mkewe, akaangalia pembeni.

Moyo wake ulimwambia kitu palepale. Akauambia unyamaze.

Asubuhi wakaenda gatini. Pangaboi akawasukuma, akapunga mkono. Mkewe alikaa kwenye kiti cha mbele, akaegemea, akajisogeza, kisha akageuka kumtazama mumewe.

"Kiti hiki umekitengeneza wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kimenikaa mno, baba watoto. Yaani hata kiuno sikisikii."

Ndugu zangu, alifurahi yule mzee! Boti ilikwenda imetulia kabisa, upepo ukatia hewa kwenye kitenge cha mkewe, naye akawa anacheka kila wimbi dogo likiwapiga. "Wewe kweli unaendesha!" alikuwa akisema. "Wewe kweli!" Wakapita nyumba za watu, wakapita matete, wakafika pale ambapo kelele za gati hazisikiki tena. Mzee Sponji akapunguza injini ili wazungumze. Bora asingepunguza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Nimekuja kuchukua nguo zangu zilizobaki. Na cherehani."

Alisema akiwa ameangalia mbele. Mzee Sponji aliona kisogo chake tu.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ungekuwa umenikosea ningejua pa kuanzia." Akajifuta macho kwa kitenge. "Kule nikiamka, kuna mtu ananiita. Wananing'ang'ania mpaka chooni. Nimezoea."

"Na hapa hakuna anayekuita? Mimi je? Nimekaa peke yangu, nalala kwenye makochi ya watu, nakula na ukuta. Unajua upweke wewe?"

Hapo mkewe akageuka. "Najua kuliko wewe. Nimeukalia miaka yote. Asubuhi karakanani, mchana karakanani, usiku unaingia na sponji kichwani, unakula, unalala. Napika, nafunika, nangoja. Nilikuwa nasikia nyundo yako pale ukutani nasema, mume wangu yupo, lakini simwoni. Hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa hupo tu."

Mzee Sponji alitafuta hata siku moja ya kumwonyesha, siku moja tu aliyofunga karakana mchana wakakaa wawili, na hakuipata. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu sauti ya mkewe haikuwa na hasira. Angekuwa na hasira, wangegombana, na labda wangeyamaliza.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikwambia. Ulisema mteja anangoja."

Maji yakawa yanapigapiga ubavuni mwa boti.

"Lakini kiti kimekukaa?" akauliza Mzee Sponji.

"Kimenikaa vizuri mno," akasema mkewe, akalia kwa sauti.

Kurudi alikwenda polepole sana. Mkewe akamwuliza mbona haiongezi kasi. Akasema injini bado ngeni, haitakiwi kukimbizwa. Mkewe alijua anadanganywa, akamwachia.

Jumapili alimpeleka kwenye basi. Begi lilikuwa zito safari hii, na cherehani aliifungia mwenyewe kwa sponji pande zote ili isiumie njiani. Mkewe akamwambia, "Uje utuone." Akajibu atakuja. Basi likaondoka, naye akasimama pale mpaka mwenye kibanda cha soda akamwuliza kama kuna kitu amepoteza.

Aliiacha boti gatini kwa muda, hataki hata kuiona. Kisha siku moja, mchana kweupe, akiwa katikati ya kushona mto, akaweka sindano chini. Akamwambia mteja aliyekuwa akimngoja arudi kesho. Akafunga milango miwili ya karakana, akaenda gatini, akasukuma boti mwenyewe.

Hakufika mbali. Alipoongeza moto, pua ya boti ikanyanyuka juu, juu, mpaka mbele akawa haoni ziwa wala matete, anaona kiti kitupu na mbingu. Akapunguza, ikashuka. Akaongeza, ikapanda tena. Akadhani ni skrubu zake tena. Akarudi gatini ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Imeharibika," akamwambia Pangaboi. "Inanyanyua pua."

"Haijaharibika, mzee." Pangaboi safari hii mikono yake ilitulia. "Injini iko nyuma, na wewe uko nyuma. Siku zote umekwenda na mtu mbele, ndiyo maana hukujua. Wanaokwenda peke yao huweka dumu la maji pale mbele, basi, inakaa sawa."

Mzee Sponji akakitazama kile kiti. "Haya. Weka."

Pangaboi akajaza dumu, akaliweka juu ya kiti. Mzee Sponji akapiga mzunguko mfupi, akarudi. Bado pua iko juu. Likaongezwa la pili. Akazunguka tena, ikawa nafuu.

"Sasa inatosha," akasema Pangaboi.

"Tia la tatu," akasema Mzee Sponji. "Alinenepa kule."

Pangaboi akaanza kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Akalijaza dumu la tatu, akayafunga yote matatu kwa kamba yasianguke, akasukuma boti.

Ikaenda imenyooka. Mzee Sponji alipita nyumba za watu, akapita matete, akafika pale pasiposikika kelele za gati. Akazima injini. Alikaa kitambo ameyaangalia yale madumu yaliyompa mgongo, kisha akakohoa kidogo.

"Leo nimefunga karakana mapema," akayaambia.