Miguu ya Wifi Kwenye Beseni

Kanisani kwetu tunatawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, mara moja kila miezi mitatu. Wanaume wanabaki mbele ya kanisa. Sisi wanawake tunaingia chumba cha watoto, tunaketi kwenye viti vyao vidogo magoti juu kama panzi, na kila mmoja anamtafuta yule waliyekwaruzana naye. Unamwosha, unaungama kosa lako, lako wewe, si lake. Akishasema amekusamehe, jambo hilo halitajwi tena popote. Na anayekataa kuoshwa ndiye anayeonekana ana kinyongo.

Wifi yangu, mke wa kaka, aliujua utaratibu huo kuliko mchungaji.

Nimeishi kwao tangu nilipomaliza darasa la saba. Mapacha wao wana mwaka na nusu, na mgongo wao ni mimi. Masomo hayakuendelea, lakini mkono wangu umetulia. Siku moja Mama Cherehani, fundi anayeshona majoho ya kwaya, alishika pindo la sketi niliyoishona kwa sindano ya mkono, akaligeuza akatazama upande wa ndani, akasema mwezi ujao niende nikaanze kujifunza. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Ukisimama mlangoni petu unawaona wasichana wake watatu wamejiinamia.

Mwezi ukafika, hakuniita. Tukikutana alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa. Nikaja kujua kwa shemasi wetu, mama mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Alinivuta pembeni akaniuliza kama dawa za kifafa nazimeza kila siku. Mimi sijaanguka kifafa hata mara moja. Akaniambia nisione haya, ni wifi yangu aliyemweleza Mama Cherehani, tena kwa upendo, asije akaniweka karibu na pasi ya moto nikaiangukia.

Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani nikawaogesha mapacha.

Ningeweza kuvuka barabara siku ile ile. Nilijiambia wifi atakana, na kaka atanisihi nisimwaibishe mama watoto. Hayo ni kweli, ila siyo yaliyonizuia. Zilikuwa zimebaki wiki nne tutawadhane.

Wiki hizo nne nilikuwa mwema mpaka majirani wakanisifu. Nilipika, nilifua, nilimkanda wifi mgongo aliposema unamuuma. Nikaisoma ile sura Bwana anapojifunga kitambaa na kumimina maji, nikaisoma hata nikaishika yote kichwani, na nilichokuwa natafuta humo ni mahali pa kumpata wifi. Shemasi naye hawezi kulala na neno, basi wifi akajua kwamba nimejua. Alingoja beseni, kama mimi.

Siku ilipofika, wote walikuja wamesugua visigino. Shemasi alipita na birika la maji ya moto akitutania.

"Miguu inang'aa hivi, mnataka tuoshe nini? Rudini mkaichafue kwanza."

Tukacheka. Mama Cherehani alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu.

Wifi aliniwahi. Alipiga magoti, machozi tayari, akanishika miguu na kusema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Wifi, kama kuna lolote nililokukosea, kwa kujua au kwa kutokujua, nisamehe."

Lolote. Alikusanya yote akayafunika kwa kifuniko kimoja. Wanawake wakanitazama. Nikasema nimekusamehe. Akanifuta, kisha akajifuta macho kwa taulo lile lile la miguu yangu.

Ikawa zamu yangu. Shemasi alileta birika nikamwambia yaliyomo yanatosha. Yalikuwa ya baridi. Nikaiweka miguu ya wifi ndani, nikasema polepole bila kupandisha sauti, maana chumba kilikuwa kimya:

"Wifi, nisamehe. Nilijua ulimwambia Mama Cherehani nina kifafa, na sina, ili nisiondoke nikakuachia watoto wako. Nikakuchukia wiki nne huku nikikupikia. Chuki hiyo ni dhambi yangu. Nisamehe."

Vidole vyake vilijikunja mkononi mwangu. Hakuwa na pa kutokea. Sikuwa nimemshtaki, nilikuwa nimeungama, na anayeungamiwa ana jibu moja tu. Lilichelewa, lakini alilitoa, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Nilimfuta katikati ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Sijawahi kufurahi kanisani kama siku ile.

Mkate ulipopita nikauchukua. Wifi aliuacha upite.

Baada ya ibada Mama Cherehani aliniita penye bomba, alipokuwa akisuuza mabeseni.

"Mwanangu, kifafa huna?"

"Sina, mama."

Akauliza nilijua lini kwamba ameambiwa. Nikamweleza. Akafunga bomba.

"Kwangu ni kuvuka barabara tu. Wewe ukangoja mpaka avue viatu."

Alinishika mikono akaigeuza, kama alivyoligeuza lile pindo.

"Hata ungekuwa na kifafa ningekuchukua. Nilichelewa kukuita kwa sababu namngoja seremala anipigilie meza ya pasi ukutani, mbali na ambapo ungekaa. Lakini mle ndani wasichana wangu wanakosana kila siku, na mikasi iko mezani. Anayeweza kungoja hivyo siwezi kumkalisha nao. Unisamehe."

Akasimama akingoja jibu, mikono yangu bado iko kwake.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Nyumbani wifi alinipa pacha wa kwanza, akanifungia mwenyewe mgongoni, akavuta fundo mpaka likanibana kifua.

"Yamekwisha, wifi, au siyo?"

Nikasema yamekwisha.

Siku tatu baadaye seremala alikuja. Nilimtazama kutoka mlangoni nikiwabembeleza watoto. Alipigilia meza ya pasi kwenye ukuta wa nyuma, akaizungushia ubao pande zote. Halafu Mama Cherehani akamwita msichana mmoja, akamwambia ajaribu kujiangusha karibu nayo. Msichana akajiangusha huku akicheka, mara mbili, na pasi haikutikisika.