Matriki Shambani kwa Coleta

Jumamosi asubuhi Injinia Evodia alivua viatu vya ofisini, akaingia shambani kwa mama yake, kijijini juu ya mji wa Sumbawanga, na mbegu za maharage kwenye kanga. Ntumba zilikuwa tayari, vile vilima vya udongo na majani yaliyofukiwa, vimejipanga safu kwa safu.

"Kila kitu cha mradi wa maji kina mstari wake wa kulala, na kina safu yake ya kushuka," alieleza. "Pampu, umeme, mabomba, mji, kijiji chetu. Mstari wa pampu unapokutana na safu ya umeme naweka haragwe, maana pampu inautegemea umeme. Pasipo na kutegemeana naacha wazi."

"Hiyo ndiyo ile matriki uliyosomea, jedwali la kipi kinategemea kipi?" aliuliza mama yake, Coleta.

"Ndiyo, mama."

Coleta alifurahi mno. Kumbe mwanawe alisomea ntumba mpaka chuo kikuu.

Maharage yaliota kabla ya chai ya saa nne. Safu ya kijiji, ambayo Evodia alikuwa hajaifikia, iliota yenyewe kuanzia mstari wa pampu hadi wa mji, kwa kuwa chemchemi inayolisha mradi mzima ni ya kijiji. Lakini haragwe alilopanda kwenye mstari wa kijiji, unapokutana na mabomba, ili kijiji nacho kipate maji ya bomba, lilitoka udongoni, likavuka, likajifukia kwenye mstari wa mji. Alilirudisha. Likahama tena. Evodia alikaa chini, machozi yakimlenga, maana alikuwa amemwahidi mama yake bomba uani.

Jumatatu alikuja meneja wa mradi, Bwana Vitus. Alimwamkia Coleta shikamoo, akalikagua shamba, akaridhika.

"Injinia, umetisha. Ndivyo ilivyo kwenye mchoro. Bomba linaanzia hapa, maji yanafunguliwa mjini."

"Na hapa kijijini je?"

"Haragwe lenyewe limekataa, umeona."

Evodia alijivunia kazi yake, akachukia kwamba ilikuwa sahihi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Coleta aliwatangazia waumini wote kwamba mji mzima unakitegemea kijiji chao, na kwamba aliyelithibitisha hilo ni mwanawe wa kumzaa. Watu walipiga vigelegele.

Mradi umekwisha. Kila alfajiri Coleta huinama kwenye bomba kuu linalopita mbele ya mlango wake, akayategea sikio maji yanayokwenda mjini.

"Kazi ya mwanangu hiyo," huwaambia wenzake, kisha hujitwika ndoo na kushuka nao chemchemini.