Chini ya Meza

Asubuhi baba alipotutoka, aliyejua wa kwanza si mimi niliyelala chumba cha pili. Ni mchomeleaji, jirani yetu wa karakana. Alikuja kugonga mlango na miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Mzee yuko wapi? Nimekunywa chai mpaka nimeona kitako cha kikombe, randa sijaisikia."

Nikamwambia labda amepitiwa na usingizi.

"Mzee Usiguse apitiwe na usingizi?" Hakucheka. "Mwanangu, hebu kamwangalie."

Nikaenda kumwangalia. Daktari alisema ni moyo, nami sikuwa na la kubishana naye.

Naandika haya nisije nikayasahau, maana watu wameshaanza kuyasimulia wanavyotaka. Wanasema mashine imemuua. Mashine haikumfanya kitu. Ilikuwa ng'ambo ya barabara inafanya kazi yake.

Baba alikuwa seremala. Usiguse ni jina alilopewa na wateja, kwa sababu kila aliyeingia karakana alikutana na neno hilo kabla hata ya salamu: "Usiguse, haijakauka!" Alilisema hata kwa kitanda kilichokauka tangu mwezi uliopita. Mama, alipokuwa hai, alikuwa akiwaambia wageni kwamba na yeye siku ya harusi aliambiwa hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mtu wa msasa na vanishi. Nilipomaliza sekondari nilisema nitamsaidia kwa muda huku nikitafuta kazi, na muda huo ndio ukageuka kazi. Meza ikitoka mikononi mwake, nilipiga msasa juu, pembeni na miguuni. Chini sikuruhusiwa. Chini aliuacha ubao kama ulivyotoka kwenye randa, una mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni ila kiganja kinayapata.

"Juu ni kwa mwenye meza," aliniambia nilipouliza. "Chini ni kwangu."

Wateja wake wa zamani walilijua hilo. Kabla ya kubeba meza waliinama, wakapitisha kiganja chini, wakayasikia yale mawimbi, wakaridhika. Hakuwahi kupiga mhuri wala kuandika jina kwenye kazi yake.

Kisha kikafunguliwa kiwanda cha samani ng'ambo ya barabara. Mwanzoni tulikicheka. Mchomeleaji ndiye aliyekuwa akituletea habari.

"Mzee Usiguse, kule kuna mashine inaendeshwa na kompyuta. Haili, hailali, haiombi ruhusa ya kwenda msibani."

"Na ikichoka?"

"Haichoki, nakwambia!"

"Basi imekosa raha ya kupumzika," baba akasema, na wote tukacheka.

Kicheko kikaanza kupungua wateja walipopungua. Kwanza vitanda vikakatika, halafu makabati. Wakabaki waliokuja kukaza mguu wa kiti, nao wakisema kiti kipya kinatoka kiwandani kabla hujamaliza kukieleza. Mwenye kiwanja akaja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema anamheshimu baba, ila karakana isipopata kazi ya maana mwezi ule atampa mtu wa vipuri vya pikipiki.

Kazi ya maana ikapatikana. Mama mmoja alikuwa anafungua mgahawa mkubwa, akihitaji meza na mabenchi ya ukumbi mzima. Alikuja na viatu vyake vizuri akakanyaga maranda bila kujali.

"Fundi, mimi sitaki vitu vya kiwandani. Kila mgahawa una meza zilezile kama mapacha. Nataka kazi ya mkono. Nitengenezee meza moja niione. Nikiipenda, ukumbi wote ni wako."

Alipoondoka baba alikaa juu ya gogo. Nilidhani anafurahi. Akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda kiwandani. Msimamizi wa mashine alikuwa amejifunza kazi kwetu miaka ya nyuma, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na kitambulisho shingoni. Alimpokea baba kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu! Karibu, karibu sana. Hapa unaruhusiwa kugusa."

"Marahaba. Nione hicho kidude chako."

Ubao uliingia upande mmoja. Chuma kikashuka, kikazunguka, kikachonga matundu ya miguu, kikalainisha kingo, na vumbi lote likanyonywa na bomba kama moshi unaorudi jikoni. Baba aliuchukua ubao ukiwa bado na joto. Akaupima kwa kidole, kwa jicho, akaingiza ulimi wa mguu kwenye tundu lake. Ukaingia na kukaa. Akautoa, akaurudisha. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka msimamizi akaanza kutazama pembeni.

Tulipokwisha kuvuka barabara kurudi, akasimama.

"Iko sawa," akasema.

"Nini, baba?"

"Kazi yao. Nilikwenda kutafuta kosa. Sikuliona."

Siku zilizofuata sikumtambua. Alinoa randa mpaka akajikata. Akipima, anafuta na kupima tena. Mchomeleaji akipitisha utani juu ya ukuta wa mabati hakujibiwa. Na meza ilipokamilika, akaigeuza miguu juu, akanipa msasa.

"Piga na chini."

"Chini, baba?"

"Nimesema piga. Asije mtu akapapasa hapo akasema Usiguse mkono wake umeanza kutetemeka."

Nilipiga. Nilitumia msasa mkali, kisha laini, kisha ule wa mwisho ambao ukiushika ni kama kitambaa. Baba alipitisha kiganja chini ya meza, huku na huku, akafumba macho. "Hata wao hawafiki hapa," akasema. Ilikuwa meza nzuri kuliko zote alizopata kutengeneza, na hilo nalisema kwa sababu zote zilipita mikononi mwangu.

Mama wa mgahawa akaja. Aliizunguka. Akasifu rangi. Kisha akainama kama wateja wa zamani, nadhani alikuwa ameambiwa, akapitisha mkono chini. Akaupitisha tena. Aliponyanyuka uso ulikuwa mwingine.

"Fundi, hii umeinunua pale kiwandani."

"Unasemaje, mama?"

"Niliambiwa nipapase chini. Hamna kitu, ni kioo. Mimi nimekuomba mkono wako, wewe unaniuzia mashine?"

"Mama, wallahi hii nimeitengeneza mimi. Binti yangu huyu hapa ni shahidi."

"Binti yako atasema nini zaidi?"

Nilisema. Nilimwonyesha vidole vyangu vilivyochubuka. Mchomeleaji alikuja mbio na koleo mkononi akaapa kwamba alisikia randa wiki nzima mpaka kichwa kikamuuma. Mama yule alikuwa anatutazama kama watu wa genge moja.

Baba hakuapa tena. Alichukua msumeno ukutani. Nilidhani anataka kuuweka mahali pengine. Aliilaza meza ubavu, akaikanyaga, akaanza kukata pale mguu unapoingia kwenye ubao.

"Baba! Baba, acha!"

Hakuna aliyethubutu kumshika. Alikata mpaka mguu ukaanguka na kiungo kikabaki wazi, kimegawanyika katikati. Ndani yake kulikuwa na alama za patasi, mstari wa penseli wa mkono wake, na kabari ndogo aliyokuwa ameichonga kwa kisu.

"Tazama," akasema akihema. "Mashine haiandiki kwa penseli."

Mama wa mgahawa alichuchumaa, akatazama muda mrefu. Machozi yalimlengalenga, namtendea haki.

"Nimekuamini, fundi. Nisamehe sana."

"Basi nitengeneze nyingine. Mbao kama hii nitaipata, mama, nipe muda kidogo tu."

"Fundi wangu." Alimwita hivyo, kwa upole. "Mimi niliyekuja kutafuta mkono wako nimeukosa. Mteja wangu anayekuja kula, yeye nitampa msumeno?"

Baba aliokota mguu uliokatika.

"Halafu nikwambie ukweli. Kiwandani niliulizia. Wamesema wakitaka, hata hayo mawimbi ya chini wanaweza kuyatia. Yanatoka vizuri tu."

Meza ilibaki imelala pale na miguu mitatu. Mchomeleaji alitaka kuiunga kwa chuma, baba akamwambia, "Usiguse." Hakumtania. Alisema tu.

Baada ya hapo, kila asubuhi alifungua karakana kama kawaida. Alikuwa na ubao mmoja tu. Aliufunga kwenye meza ya kazi akaupiga randa, kesho yake akaupiga tena ubao uleule. Maranda yalijaa sakafuni, nikayafagia, nisiulize. Majirani walisikia mlio ule wakadhani Usiguse amepata kazi. Mwenye kiwanja naye alipita, akasikia, akaenda zake bila kubisha hodi. Siku ya mwisho ubao ulikuwa mwembamba kama jalada la daftari, ukiuinua dirishani mwanga unapenya.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya mchomeleaji mlangoni.

Msimamizi wa kiwanda alikuja msibani na mkewe. Alilia kuliko sisi, mpaka mchomeleaji akamwambia, "Kaa chini, wewe, unatuharibia zamu." Alipokuwa anaaga aliniuliza kama nina kazi.

Karakana sasa ina vipuri vya pikipiki. Randa iko chini ya kitanda changu.

Mgahawa umeagiza meza zake kiwandani, za mawimbi. Jumatatu naanza kazi pale kiwandani. Nitakaa mwisho wa mashine, na kila meza ikitoka nitapitisha kiganja chini yake kuhakikisha mawimbi yametoka sawa.