Blanketi la Mama Mkwe

Mzee Apolinari alikuwa na pua ya kazi. Miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi wa nyuzi katika kiwanda cha mablanketi barabara ya Pugu, na ukaguzi wenyewe ulikuwa huu: kuchomoa uzi, kuuchoma, kunusa. Sufu hunuka nywele zilizoungua, ikabaki jivu. Akriliki, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli yaliyopitishwa kwenye vitundu kama tambi, huyeyuka na kuacha kijiwe cheusi kigumu. Kiwanda kilifungwa, pua ikabaki. Alinusa masweta ya majirani, soksi za padri, hata rasta za binti yake Asifiwe, na kila aliponusa alitoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba.

Jumamosi hiyo pua ilipata shughuli. Wakwe walifika nyumbani kwake Madale kuleta mahari ya Asifiwe, wakiongozwa na mshenga wao Revelian, mwalimu mstaafu mwenye ulimi wa asali. Mbuzi alikubaliwa, vitenge vikakubaliwa. Likabaki blanketi la kumpa bibi mzaa mama wa bibi harusi, ambalo kwa desturi ya kwao Rombo ndilo linaloifanya ndoa kuwa ndoa. Joto lilikuwa la kuchemsha mayai, watu wakijipepea kwa kadi za harusi zilizokwisha kuchapishwa. Lakini desturi haina habari na joto.

Lusungu, bwana harusi, alilitua blanketi mezani kwa mikono miwili. Lebo ilikuwa na picha ya kondoo.

"Kondoo wa kuchora si kondoo," alisema Apolinari. Alichomoa uzi, akawasha kiberiti. Uzi ukayeyuka, kijiwe cheusi kikadondoka kwenye sahani. "Akriliki."

"Baba, dukani Kariakoo walituapia kuwa ni sufu tupu," alisema Revelian.

"Wao wanauza, mie nanusa. Hakuna sufu, hakuna harusi. Mkatafute, hata mwakani sie tupo."

Asifiwe alikuwa nyuma ya pazia, mahali pa bibi harusi mwenye adabu. Adabu ikamshinda, akatoka akilia.

"Baba, mie naolewa na Lusungu. Siolewi na kondoo."

Ilimuuma Apolinari, maana alimpenda sana binti huyu. Lakini alikwisha kutamka mbele ya watu, na mtu wa aina yake akitamka hurudi nyuma kwa shida zaidi kuliko lori la mchanga.

"Tumekosa, baba," alisema Revelian kwa upole. "Ila sie hatukujaliwa pua kama yako. Basi tuonyeshe la kweli lilivyo, tusije tukarudi na kosa lilelile."

Sifa zilimlewesha. Alimwonyeshea kidole mama mkwe wake, ndiye bibi mwenyewe, aliyekuwa kitini pembeni na blanketi lake kuukuu magotini. "Lile pale. Nilimletea mama nilipomposa Eliaichi, maana bibi yake alikwisha kufariki, kabla hata sijaingia kiwandani. Zaidi ya miaka thelathini, na nondo hawajalitoboa."

Hilo la nondo lilitosha kumshtua mkaguzi yeyote, maana nondo hula sufu, akriliki hawaigusi. Lakini lile lilikuwa tandiko la mama mkwe, na mkwe mwanamume hagusi tandiko la mama mkwe, sembuse kulinusa. Kwa hiyo, katika nyuzi zote alizowahi kuzikaribia, huo tu haukupita puani pake.

Bibi alichomoa uzi mwenyewe, akampa Revelian. Revelian akauchoma kwa heshima zote. Uzi ukayeyuka, na kijiwe chake kikalala kando ya kile cha kwanza kama pacha wake.

Eliaichi, mkewe, alianza kuyachunguza mabati ya paa. Apolinari aliinama akanusa sahani. Pua haikumwonea huruma. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Mama, ulijua?"

"Tangu nilipolifua mara ya kwanza. Nilianika asubuhi, adhuhuri limekauka. Sufu gani hiyo?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Binti yangu alikuwa amekupenda, nawe ulikuja na koti la kuazima. Nikasema, huyu sufu hana, lakini amekuja."

Revelian alikohoa. "Samahani, baba. Kwa sheria uliyotusomea hapa, mama Asifiwe tumhesabu ameolewa au bado?"

"Hata mie nasubiri kusikia," alisema Eliaichi, macho bado kwenye mabati.

"Blanketi limepokelewa," Apolinari akaiambia sakafu. Asifiwe akapiga kigelegele mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Bado," alisema Bibi, na watu wakatulia. Alikuwa ameliweka blanketi jipya juu ya lile kuukuu, jasho linamtiririka shingoni. "La kijana huyu nimelipokea, maana yeye hajawahi kunijazia nyumba kwa sifa za pua. La kwako ndilo bado. Harusi ni wiki tatu zijazo. Kabla ya siku hiyo niletee la sufu, Apolinari, na uzi wake nitauchoma mimi."

Akanyoosha mkono. Apolinari akamkabidhi kiberiti.