Marekani ya Mwalimu Mwahija

Mwalimu Mwahija alilianua gauni alilolifua jana kwa majani ya mpapai, akalinusa, akaguna. Sabuni ilikuwa haijaonekana Shinyanga tangu kabla ya Ramadhani, na ile ya magendo bei yake ilikuwa ya kuulizia tu, si ya kununulia. Akalivaa hivyo hivyo, likiwa bado na unyevu mabegani, akachukua kitabu chake kisicho na jalada na kipande cha chaki, akatoka. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka themanini na mbili. Mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa unabisha hodi, na Marekani ilikuwa haijaisha.

Usicheke. Kufundisha historia ya Marekani katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Shinyanga, darasa zima na kitabu kimoja, si mchezo. Mwahija alikuwa mtu wa Ujiji, binti wa Mzee Akida fundi cherehani, na Marekani yenyewe hakuwahi kuiona hata kwenye ramani nzuri. Lakini alikuwa na akili ya mama wa nyumbani: kilichopo ndicho kinachopikwa. Alipofika kwenye wahamiaji, watu wa kila taifa waliomiminika Kalifornia kufukua dhahabu, aliwauliza wanafunzi nani ana ndugu aliyehamia Geita kuchimba. Nusu ya darasa ikanyoosha mikono. Wakasimuliana habari za mashimo, wanunuzi wenye mizani ya wizi na akina mama ntilie, mpaka Kalifornia ikawaingia. Alipofika kwenye viwanda, aliwapeleka kwa miguu hadi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, wakasimama nje ya seng'enge wakisikiliza mashine. Na kila walipokula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, aliwaambia wasome maandishi kwenye gunia: zawadi ya watu wa Marekani. "Haya, nani ameyalima? Kwa trekta gani? Mbona wao yanawabakia na sisi hayatutoshi?" Waliobisha walibisha, lakini hakuna aliyelala.

Kivumbi kilikuwa kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Hapo aliligawa darasa mara mbili, Kaskazini na Kusini, akawaambia, "Nyie kwenu mna Bagalu na Bagika, si ndiyo? Ngoma mbili zinacheza uwanja mmoja, na watu wakikimbilia upande mmoja, huo umeshinda. Basi nataka hivyo hivyo. Kila upande utunge nyimbo zake kama mnavyotunga kwenu. Na watumwa wa mashamba ya pamba nao walikuwa na nyimbo zao, wakilalamika humo humo mbele ya bwana asijue. Mtunge na hizo."

Loo! Darasa lilitifuka vumbi. Walitunga kwa Kisukuma, lugha ambayo Mwahija aliijua ya sokoni tu, ya salamu ya mwangaluka na bei ya nyanya. Aliyewafunika wote ni Mbuke, msichana mrefu mkimya wa Kishapu, aliyeimba upande wa watumwa. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo, lakini akianza kuimba hata wapishi walitoka jikoni wakiwa na miiko mkononi. Mwalimu alimpenda mtoto yule waziwazi, wala hakujificha. Baba yake Mbuke, mzee Mihayo, alikuwa amekwisha kuletewa habari ya ng'ombe wa mahari mara mbili, akawajibu wenye ng'ombe kwamba wangoje mtihani. Akifaulu aendelee, akifeli au akifukuzwa, ng'ombe waingie zizini. Mbuke mwenyewe alimwambia mwalimu maneno hayo, bila kulia, kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

Basi asubuhi hiyo Mwahija alifika darasani akakuta madawati matupu. Mkuu wa Shule, Mwalimu Bartholomeo, alikuwa amesimama uwanjani akigawa magunia matupu ya yanga.

"Shikamoo Mkuu. Mbona hivi tena? Nina vipindi viwili na Kidato cha Nne."

"Marahaba. Vipindi vitafidiwa, mwalimu. Mratibu wa kampeni ya pamba anakuja leo. Shule yetu iko nyuma ya lengo."

"Vya wiki iliyopita navyo vilifidiwa lini?"

Mkuu aliangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na kisukari, na alitamani kustaafu bila kuitwa wilayani. "Mwahija dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "zamu ni yako leo. Wapeleke tu."

Akawapeleka. Shamba la shule lilianzia nyuma ya mabweni likaenda mpaka kwenye ua wa minyaa wa majirani, na pamba ilikuwa imepasuka yote, nyeupe pee. Maganda yake yakikauka yanachoma vidole. Wanafunzi waliingia mistarini kwa uvivu, matumbo yamejaa uji wa yanga usio na sukari. Jua lilipoanza kukaza, Jilala, kinara wa upande wa Kaskazini, akageuza debe akaanza kulipiga. Watu wakacheka. Kusini wakajibu. Haukupita muda shamba zima limegawanyika, Kaskazini mistari ya huku, Kusini ya kule, wanachuma kwa mbio wakitupiana vijembe. Mwahija aliona magunia yanavimba, moyo ukamtulia. Angalau wanadurusu, alijisemea.

Ndipo Mbuke akaanza wimbo wake wa watumwa, na pande zote mbili zikaacha ugomvi zikamwitikia.

Landrova ilikuwa imefika na kusimama bila mtu kuijali. Ndugu Thobias, Mratibu, alishuka akiwa na suti ya Kaunda na miwani ya jua. Alikuwa mzaliwa wa huko huko Kishapu, mtu aliyekulia kwenye ngoma kabla hajakulia kwenye mikutano. Alisimama kando ya shamba akitabasamu, kiatu kikifuata mapigo ya debe. Mwahija alimwona akatabasamu naye. Kisha akaona tabasamu la mwenzake linakatika, na kiatu kinatulia.

"Mwalimu wa zamu nani?"

"Ni mimi, Ndugu Mratibu. Karibu sana."

"Huo wimbo ni wa nini?"

"Ni somo, ndugu. Historia ya Marekani. Ni wimbo wa watumwa wa mashamba ya pamba ya Kusini. Tumeutafsiri."

"Mmeutafsiri." Alivua miwani, akaifuta kwa leso. "Unajua Kisukuma, mwalimu?"

"Kidogo tu."

"Basi nikutafsirie mimi. Anasema: pamba nyeupe, mikono ya nani? Bwana haumwi mgongo, anakuja kwenye Landrova kuhesabu magunia. Vitabu vyetu vimefungwa, vidole vimefunguka damu, na jioni tunapewa yanga kama kuku." Alikohoa. "Hao watumwa waliona wapi Landrova, mwalimu? Na huko Marekani nao walikuwa wanaitwa Mbuke?"

"Mbuke?"

"Sikiliza mwisho. Nene Mbuke ng'wa Mihayo. Mimi Mbuke wa Mihayo nimesema, asiyependa aje achume yeye."

Mwahija alikuwa amelisikia jina hilo darasani, akadhani ni mbwembwe za mwimbaji tu. Kwao Ujiji mtu akitunga shairi la kuudhi analituma kwa njia za uchochoro, jina halijulikani mpaka kiyama. Hakujua kwamba huku manju, mtunzi wa ngoma, hana wimbo mpaka ataje jina lake ndani yake. Wimbo usio na jina ni wa kuokota, wala hauhesabiwi katika mashindano. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watunge kama kwao. Na mtoto ametunga kama kwao, akatia sahihi, tena jina lake na la baba yake.

"Ofisini," alisema Thobias.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na madirisha yasiyo na vioo, maana vilivyovunjika havikupata vingine vya kuwekwa badala yake. Nje, wanafunzi waliorudi kupakua magunia walijisogeza karibu na ukuta, wakijifanya wanafunga kamba.

"Huu ni uchochezi," alisema Thobias. "Wilaya nzima inahimizana, nyinyi mnawaambia watoto kuchuma pamba ni utumwa. Nikirudi lazima niseme nimechukua hatua gani. Na waliosikia ni wengi, hata dereva wangu amesikia. Kwa hiyo mnipe jina."

"Jina si liko kwenye wimbo," alisema Mkuu, akijipangusa jasho. "Msichana arudi kwao leo leo. Yatakwisha."

"Mkuu!" Mwahija aliruka. "Mtihani ni miezi miwili! Akirudi Kishapu leo, kesho ng'ombe wako zizini. Wewe unajua."

"Najua, mwalimu. Unataka nifanyeje?"

Jamani, kuna nyakati mtu hufungua mdomo kabla hajashauriana na tumbo lake. "Wimbo nimeutunga mimi," alisema Mwahija. "Nikawafundisha. Yeye nilimpa aimbe tu."

Thobias alimtazama kwa muda, kama mnunuzi anayemwangalia ng'ombe aliyechakazwa na safari.

"Wewe. Kwa Kisukuma."

"Ndiyo."

"Uimbe basi."

Mkuu akainamia meza. Nje kamba ziliacha kufungwa. Mwahija alisimama, gauni lake likinuka majani ya mpapai, akaanza. Alikuwa ameusikia wimbo ule darasani na shambani, sauti yake aliijua, maneno aliyaokota kama mtu anayeokota nafaka kwenye mchanga. Alikosea sana. Mahali pengine alitamka kitu ambacho hakikuwa neno la lugha yoyote duniani, na nje mtu akacheka akazibwa mdomo. Hata hivyo hakuacha. Alipofika mwisho alimtazama Thobias usoni.

"Nene Mwahija ng'wa Akida," aliimba.

Thobias alicheka, kicheko cha kweli kabisa, mpaka akashika kiuno. Kisha akavaa miwani yake.

"Mwalimu, wewe huwezi kutunga hata mlio wa kuku kwa Kisukuma. Lakini mimi sikuja kusahihisha nyimbo. Nimetaka jina, nimepewa. Na la mwalimu ni zito kuliko la mtoto, huko juu litawatosha." Akamgeukia Mkuu. "Hafundishi tena kuanzia Jumatatu. Angoje uhamisho. Na hiyo Marekani yenu iishie hapo ilipofika."

"Nani atawafundisha historia mpaka mtihani?" aliuliza Mwahija.

Mkuu alifungua mtoto wa meza akamfunga, na Mratibu akauliza kama kuna chai. Ilikuwepo, ila sukari hapana.

Mbuke alimngoja chini ya ukingo wa paa, mikono nyuma kama desturi, lakini macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nenda darasani, hakuna neno. Hutafukuzwa."

"Kwa nini umeniibia wimbo?"

Mwahija alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Umeweka jina lako. Kwetu mtu akiweka jina lake kwenye wimbo wa mwenzake ni mwizi, mwalimu. Hata baba atauliza. Wote wamesikia, na wewe ni mkubwa, mimi siwezi kukujibu uwanjani. Mimi sikuogopa kuutunga."

"Mbuke, wangekurudisha nyumbani."

"Najua."

"Sasa?"

"Najua, mwalimu. Lakini ulikuwa wangu."

Maneno yale yalimchoma Mwahija kuliko uhamisho. Alitaka kukasirika, akashindwa. Mtoto alikuwa na haki na alikuwa mjinga, vyote viwili kwa pamoja, na mwalimu hakuwa na la kumlipa.

Bado kulikuwa na kipindi kimoja kabla ya kazi za mikono za jioni, na Jumatatu haijafika. Mwahija aliingia darasani. Wanafunzi walisimama, wakasema salamu yao ya Kiingereza, wakakaa. Habari ilikuwa imewafikia wote. Vidole vyao vilikuwa na mikwaruzo, na nyuzi za pamba zimewashika nyweleni. Hakuna aliyefungua daftari.

"Tuliishia wapi?"

Jilala akasema, "Mwaka elfu moja mia nane sitini na tano, mwalimu. Kaskazini wameshinda."

"Na watumwa?"

"Wameachiwa huru."

"Vizuri." Akaandika mwaka ubaoni, chaki ikakatika, akaendelea na kipande. "Wameachiwa huru. Hawana ardhi, hawana jembe, hawana punda. Bwana wa zamani ana shamba na ana duka. Msimu wa pamba umefika. Wakaenda wapi?"

Walitazamana. Hilo halikuwemo katika nyimbo za upande wowote. Mwahija alingoja, hakuwasaidia, akiwaangalia mmoja mmoja kama mtu anayewahesabu ndugu zake kabla ya safari. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Mbuke alikuwa ameugeuza uso kuelekea nje. Alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Sema, Mbuke."

"Walirudi shambani kwa bwana yule yule," alisema Mbuke. "Kuchuma."

"Andikeni," alisema Mwahija.

Wakaandika. Kabla hawajamaliza sentensi, kiranja wa zamu akagonga kipande cha reli nje, ko, ko, ko, na Mkuu akapita dirishani akipiga makofi kuwaharakisha, maana Landrova ilikuwa haijaondoka. Kidato cha Nne kikafunga madaftari, kikasimama, kila mmoja akachukua gunia lake. Mwahija alishika ufutio, akautazama ubao, akauweka ufutio mezani bila kufuta kitu.