Saa ya Seva

Tangu mgongo umgomee, Nyundo hakupanda tena paa la mtu. Miaka yote aliezeka nyumba; sasa hata ndoo ya maji ilimshinda. Akajiandikisha darasa la kompyuta, na shemeji yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani, akampa kazi ya kwanza: ukurasa wa mtandaoni wa kuwaambia wateja kama duka limefunguliwa au limefungwa. Akiharibu, alimwambia wazi, kazi anapewa mwingine.

Mwalimu alikuwa amemweleza hivi: ukurasa wa kawaida ni kama kibao cha mlangoni, kilichoandikwa jana ndicho kinachosomwa leo. Huu mwingine, unaobadilika wenyewe, ni kama chakula cha hotelini. Mteja anaagiza, jikoni wanapika hapo hapo, yeye anaona sahani tu. Jiko ni seva, kompyuta iliyo mbali inayotunza ukurasa, na inapika kwa maagizo unayoiandikia.

Nyundo akaiandikia: tazama saa; ikiwa kati ya mbili na kumi na moja, sema tumefungua; la sivyo, sema tumefunga. Saa tatu asubuhi akaujaribu mbele ya shemeji. Tumefungua. Akarudi nyumbani kifua mbele, mgongo uume usiume.

Alasiri akaitwa. Duka kimya, cherehani imefunikwa. Tangu kabla ya adhuhuri hakuna aliyekanyaga pale, na mteja mmoja alipiga simu kuuliza kuna msiba gani hata duka likafungwa.

"Shemeji, ulizoea kutoboa mapaa ya watu. Sasa umehamia kwangu?"

Nyundo alikaa kwenye stuli, akaongeza mstari mmoja: niambie sasa ni saa ngapi. Seva ikajibu: 15.

Saa kumi na tano? Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa, na mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu, kama ulivyokuwa kila saa tisa tangu azaliwe. Jicho linaona tatu, mdomo unasema tisa, na hajawahi kushangaa. Lakini seva haikulelewa hivyo. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane. Asubuhi ilipatia kwa bahati tu. Ilipofika saa tano ya watu, kwake ni kumi na moja, ikafunga duka.

"Kosa si lake," alisema taratibu. "Nimeiagiza kwa saa za mdomoni."

Akafuta mbili, akaweka nane. Akafuta kumi na moja, akaweka kumi na saba. Shemeji akaufungua ukurasa kwenye simu yake, akaufunga, akaufungua tena, kama anayepima kitambaa asichokiamini. Tumefungua. Akafunua cherehani.

"Jumamosi tunafunga saa nane," alisema bila kumtazama. "Iambie na hilo."

Nyundo akatazama ukutani, midomo ikicheza.

"Kumi na nne," alisema, akaanza kuandika.