Ugali wa Matanga

Mwanzoni mwa juma tulimzika dada yangu Magdalena, na mwisho wa juma lile lile mwanawe Kasiani alikuwa apite Morogoro kwa gari la moshi, akapande meli Daressalama, aende Ulaya. Hakujua kwamba mama yake amekufa. Alikuwa huko bara, upande wa Tabora, pamoja na bwana wake Mdachi anayekusanya majani na kuyakausha, kazi ambayo mpaka leo sijaambiwa faida yake. Habari za safari yake tulizipata mapema kwa padri wa misheni. Habari za kifo hakukuwa na wa kumpelekea, kwa hiyo zikawa zangu.

Katika ukoo wetu mtu akifa, chakula cha matanga hupikwa bila chumvi, na chumvi hairudi chunguni mpaka kila mtoto wa marehemu awe amekula. Kasiani alikuwa mtoto wa pekee. Asipokula yeye, matanga hayaondoki, na marehemu anabaki mlangoni, hayumo ndani wala hajaenda. Padri hukunja uso tukisema hivyo. Sisi humsikiliza, tukamwitikia vizuri, kisha tukarudi nyumbani tukafanya. Na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mzigo huo ulikuwa wa mjomba, na mjomba ni mimi, Severini.

Watu wa kwetu Mgeta walisema nina moyo wa jiwe kwa sababu sikulia. Waseme. Nilichimba kaburi, nikabeba jeneza, nikanyolewa, na muda wote ule sikusikia kitu. Mguu ukifa ganzi na mtu akaukanyaga, unaona kwa macho kwamba umekanyagwa, basi. Ndivyo nilivyokuwa.

Alfajiri ya kuondoka mke wangu Veronika alisonga ugali wa mtama, akachemsha maharage na kuku, akavifunga kwa majani ya mgomba, akavipanga kikapuni. Nilimweleza mpango wangu: Kasiani ale kwanza, ashibe, ndipo nimwambie. Mtu hapewi habari ya msiba tumbo likiwa tupu. Hata mpita njia hapewi, sembuse mtoto.

"Na hicho kichwa chako?" aliuliza Veronika.

Nilikuwa nimenyolewa nywele zote, na kunyolewa kwa namna ile hakuna Mluguru asiyekujua maana yake. Nikavaa kofia ya marehemu baba, nikaivuta mpaka masikioni.

"Na akionja chakula hakina chumvi?"

"Atadhani umesahau. Si mara yako ya kwanza."

Siku nyingine angenijibu jibu la kunitoa mbio. Siku ile alinitwika kikapu, akafunga mlango.

Nilishuka mlima mchana kutwa, nikalala Msamvu kwa mtu tunayefahamiana, asubuhi nikaenda stesheni. Nilidhani nitaingia tu, nimwone mpwa wangu akishuka, tukae chini, ale. Kumbe mambo yalikuwa yamebadilika. Kulikuwa na maneno ya tauni, na serikali ilikuwa imeweka banda la forodha pembeni ya reli. Kila msafiri wa melini alikaguliwa pale, na chakula cha majumbani kilikatazwa kuvuka. Nyuma ya banda lilichimbwa shimo la chokaa. Niliona mikungu ya ndizi imo shimoni, na kuku mzima aliyebanikwa vizuri kabisa, juu yake chokaa nyeupe. Hasira ilinipanda nilipomwona yule kuku, hasira kubwa kuliko kitu chochote nilichokisikia juma lile.

Mlangoni alisimama askari mmoja mrefu, Mnyamwezi, jina lake Stambuli. Aliponisikia nikisema tu, akajua mimi ni wa wapi, na Mnyamwezi kwetu ni mtani.

"Haya, Mluguru! Nyani wameshuka mlimani! Umebeba nini, watoto wako?"

"Nimebeba chakula. Wewe mla panya hukijui."

Alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Kinakwenda kwa nani?"

"Kwa mpwa wangu. Yumo kwenye gari la moshi. Atakula hapa hapa, hatapanda nacho."

"Hilo kamwambie bwana wa forodha. Ila hasikii Kiswahili, ametoka kwao juzi juzi, na mkalimani wake amelala na homa."

Gari la moshi likaja, likasimama kunywa maji na kupakia kuni. Bwana wa Kasiani alipita bila kukaguliwa, Wazungu hawana tauni. Nyuma yake akashuka kijana aliyevaa viatu na koti jeupe, na nilichelewa kumtambua. Alikuwa amerithi hatua za mama yake, zile fupi za haraka.

Kabla hajanifikia, bwana wa forodha alimsikia akisema Kidachi na bwana wake. Akampungia mkono aje mezani. Wakazungumza. Kasiani akaja akasimama ubavuni mwa meza, akaniona mimi upande wa pili na kikapu changu, akatabasamu meno yote.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mwanangu."

"Ameniomba nimkalimanie mpaka gari litakapoondoka. Basi wewe ndiye wa kwanza. Mama yuko wapi? Alisema atashuka mwenyewe."

"Kula kwanza," nilisema. "Mengine baadaye."

Bwana wa forodha alikuwa mtu mwekundu mwenye jasho jingi, si mbaya, mchovu tu. Alisema neno, na Stambuli akanigeukia.

"Vua kofia mbele ya bwana."

Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Nikasema nina mafua. Stambuli akanyoosha mkono, akainyanyua ile kofia, akaiweka mezani karibu na kikapu.

Tabasamu la Kasiani lilikwenda polepole. Alinitazama kichwani, halafu akatazama kikapu, halafu akatazama njia inayotoka milimani, kama mtu anayesubiri mwenzake aliyechelewa.

Bwana wa forodha akauliza. Kasiani akatafsiri: "Anauliza kwa nini umenyolewa. Kuna ugonjwa nyumbani?"

"Mwambie chawa."

Hakumwambia. "Mjomba, ni nani?"

"Kula kwanza, Kasiani."

"Ni nani?"

Bwana akagonga meza kwa kalamu, akitaka kujua tunasema nini. Kasiani akamjibu maneno machache. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kazi, sauti ya kikarani ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Anasema ukificha, chakula kitamwagwa na wewe utafungwa. Nani amekufa?"

Nilikuwa nimejipanga kwa mambo mengi njiani. Sikujipanga kwa hilo, kwamba nitaulizwa na yeye mwenyewe. Nilikuwa na dada mmoja tu duniani, na Kasiani alilijua hilo.

"Ni dada yangu," nilisema.

Stambuli aliacha kucheka. Kasiani alisimama wima, mikono ubavuni. Akamgeukia Mzungu, akatafsiri. Sijui Kidachi, lakini niliona kwamba maneno yalikuwa machache kama yangu, na kwamba yule bwana hakuinua hata macho. Akauliza tena.

"Anauliza alikufa kwa nini."

"Kifua. Alikohoa tangu masika."

"Anauliza kama alivimba kwapani au kwenye mapaja."

"Hapana."

"Anauliza nani alimwosha."

"Veronika na wanawake wa misheni."

"Anauliza kama kuna mwingine aliyeugua."

"Hakuna."

Kila jibu alilichukua kwangu akalipeleka upande wa pili wa meza, akarudi na swali. Sauti haikutikisika. Nilimtazama koo, kwa sababu Magdalena akizuia jambo lilionekana kooni. Hapakuonekana kitu. Nikasema moyoni, kumbe ganzi yetu ni moja, imeenea ukoo mzima.

Mwishoni bwana wa forodha alisema kwa kirefu, akanionyesha mlango.

"Anasema wewe uko huru," alisema Kasiani. "Chakula kimetoka nyumba yenye maiti. Kitupwe shimoni. Askari akibebe."

Stambuli akabeba kikapu, akatangulia nyuma ya banda, nami nikamfuata na kofia yangu mkononi. Nilifikiri juu ya chungu cha nyumbani, kwamba sasa kitabaki bila chumvi mpaka mtoto huyu arudi kutoka Ulaya, kama atarudi. Nilifikiri juu ya Magdalena mlangoni.

Pale shimoni Stambuli hakumwaga. Aliniuliza jina la marehemu, nikamtajia. Aliweka kikapu chini, akaegemeza bunduki ukutani, akafungua majani. Akamega tonge kubwa la ugali, akachovya, akala. Mtani ndiye mwenye haki ya kwanza msibani, na hakuna sheria ya forodha inayojua hilo.

"Magdalena!" alipaza sauti kwa kinywa kilichojaa. "Mchoyo wewe! Umekufa ukajifungia na chumvi yote!"

Ndivyo watani wanavyotukana maiti, na wenyewe hucheka au hulia. Mimi sikufanya moja wala jingine. Alipogeuka alimwona Kasiani amesimama kwenye kona ya banda, amepata mwanya.

"Njoo, mwana wa maiti," Stambuli alimwambia. "Amri ni kutupa. Nitatupa. Hakusema nianze saa ngapi."

Kasiani alichutama kwa viatu vyake na koti lake jeupe. Akala. Alikula tonge, akala tonge, ugali wa jana mgumu, maharage yamelala, kuku hana ladha. Alikuwa anatafuna kama mtu anayefanya kazi aliyopewa. Firimbi ya kwanza ikalia. Hakuinuka.

"Sikumwambia kwamba ni mama yangu," alisema, akitazama ugali. "Nilimwambia, ni dada yake. Kama ulivyosema wewe, mjomba."

"Kwa nini?"

"Angenizuia. Meli ingeondoka."

Nilitaka kukasirika. Nilijua kwamba hapo mjomba hukasirika, nikaitafuta hasira ile ya asubuhi, ya kuku wa chokaa, nisiione. Nilimfuta maharage kwenye koti kwa kidole. "Kula upaja," nilimwambia. Akala upaja. Firimbi ya pili ilipolia alinawa kwa maji ya Stambuli, akanishika miguu, akakimbia kwa zile hatua fupi. Stambuli akatupa majani na mifupa shimoni, akanyunyiza chokaa.

Nilipanda mlima na kikapu kitupu. Nyumbani wanawake walikuwa wamekaa barazani wakiningoja, hakuna aliyenisalimu kabla sijatua.

"Alikula?" aliuliza Veronika.

"Alikula."

Wote wakapumua. Magdalena alikuwa ameondoka mlangoni. Mmoja wao akaanza kufagia ua, kwa maana matanga yamekwisha.

"Na alilia?"

"Hapana," nilisema. "Alitafsiri."

Hawakunielewa, na sikuwaeleza. Veronika aliingia jikoni, akatoa chumvi mahali ilipofichwa tangu siku ya mazishi, akatia kwenye chungu cha maharage, akakoroga, akanipakulia mimi kwanza kama mkubwa wa ukoo. Nikala. Wanawake wakala, wakasifu, wakasema chumvi nayo ina utamu wake mtu akiikosa.

"Imekolea?" Veronika aliniuliza.

Nilionja tena. Nikachota kidole cha chumvi tupu kwenye kibuyu, nikakiweka ulimini, nikangoja.

"Ongeza," nilimwambia.